Kidonge, matone au sindano: kuchagua kinga ya minyoo wa moyo kwa mbwa na paka

Mtu aliyehamia Houston na kuchukua mbwa wa kufuga huulizwa na daktari wa wanyama, pengine kabla hata ya kuulizwa habari za chakula, atatumia kinga gani dhidi ya minyoo wa moyo. Kwa wengi wetu tuliotoka Tanga, Mombasa, Bujumbura au Goma swali hilo ni geni, kwa sababu kule tulikokulia mbwa aliyechanjwa kichaa cha mbwa na kuogeshwa dawa ya kupe alihesabiwa kuwa ametunzwa vya kutosha. Katika majimbo ya Marekani yanayopakana na Ghuba ya Meksiko, na kando ya mto Mississippi, mbwa asiye na kinga hii yumo hatarini karibu mwaka mzima. Njia za kumkinga ni tatu: kidonge cha kila mwezi, dawa ya matone inayowekwa shingoni kila mwezi, na sindano ambayo daktari humchoma mara moja au mbili kwa mwaka. Wapo pia wanaoona afadhali wasubiri, mbwa akiugua ndipo atibiwe. Hiyo nayo ni njia, na nitaipima pamoja na hizo nyingine.

Nitangulize maoni yangu ili msomaji ajue nasimamia wapi. Njia zote tatu, zikifuatwa bila kuruka hata mwezi mmoja, humkinga mbwa vizuri sana. Hivyo kabla ya kuuliza dawa ipi ina nguvu zaidi, mwenye mbwa aulize ni nani katika nyumba yake atakayekumbuka kuitoa, na mnyama mwenyewe ataipokea kwa namna gani. Kwa paka hesabu ni tofauti, nami nitaieleza peke yake.

Jinsi minyoo wanavyoenea

Mnyoo wa moyo, ambaye jina lake la kisayansi ni Dirofilaria immitis, huenezwa na mbu. Mbwa hamwambukizi mwenzake kwa kumlamba, kwa kung'atana wala kwa kula naye chombo kimoja. Mbu anapomnyonya mbwa mgonjwa huvuta pamoja na damu vijinyoo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya mbu vijinyoo hivyo hukua kwa siku 10 hadi 14 hivi penye joto la nyuzi 27 za Selsiasi. Joto likishuka chini ya nyuzi 14, ukuaji husimama. Mbu huyo akimuuma mbwa mwingine, minyoo wachanga humtoka mdomoni, huanguka juu ya ngozi na kupenya kwenye kitundu kile kile alichotoboa. Kwa wiki kadhaa hujificha chini ya ngozi na katika misuli, kisha huingia katika damu na kufika kwenye mishipa mikubwa inayopeleka damu mapafuni na, wakizidi wingi, ndani ya moyo wenyewe. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 25 hadi 31, na katika mwili wa mbwa anaweza kuishi miaka 5 hadi 7. Tangu mbu aume hadi majike hayo yaanze kumwaga vijinyoo vipya katika damu hupita takriban miezi sita au saba.

Mtu wa mwambao atalielewa jambo hili upesi nikimwambia kwamba mnyoo huyu ni wa ukoo mmoja na yule anayeleta matende na mabusha, na kwamba mbu anayeitwa Culex quinquefasciatus, anayezaliana katika makaro ya Dar es Salaam na Mombasa, yupo pia Houston na ni mmoja wa wanaoweza kumbeba. Hata mnyoo mwingine wa ukoo huo huo, Brugia patei, alipewa jina la kisiwa cha Pate katika visiwa vya Lamu, baada ya kuelezwa mwaka 1958 kutokana na mbwa, paka na kanu wa huko. Dawa nazo zina udugu. Ivermektini, ambayo Tanzania imeigawa pamoja na albendazoli kwa jamii nzima ili kutokomeza matende, ndiyo iliyoanzisha kinga ya mara moja kwa mwezi kwa mbwa ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Kabla ya hapo mbwa alipaswa kumezeshwa dawa nyingine kila siku iendayo kwa Mungu, na aliyekuwa tayari na vijinyoo katika damu angeweza kudhurika vibaya kwa dawa hiyo. William Campbell na Satoshi Ōmura, ambao kazi yao ndiyo iliyotupatia ivermektini, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Kabla ya kulinganisha bei na majina, kuna jambo moja ambalo wafugaji wengi hulielewa kinyume. Kidonge cha kawaida cha kila mwezi unachompa mbwa tarehe 1 Juni kazi yake ni kuua minyoo wachanga waliomwingia mwezi Mei. Hakimzuii mbu wa tarehe 2 kumwambukiza. Minyoo hao huuawa kwa urahisi wakiwa bado wachanga sana, na wakishapita takriban siku 50 mwilini wanakuwa wamebadilika kiasi kwamba kinga haiwapati tena ipasavyo. Hapo ndipo ilipo hatari ya kusahau. Aliyechelewa siku tatu kwa kawaida hajapoteza kitu, lakini aliyeruka mwezi mzima amewapa baadhi ya minyoo nafasi ya kupita umri ambao dawa ingewaua, nao wataendelea kukua hata kama miezi yote inayofuata atatoa dawa kwa uaminifu.

Kidonge cha kila mwezi

Hiki ndicho kinachojulikana zaidi na mara nyingi ndicho cha bei nafuu, hasa kile cha ivermektini ambacho sasa hutengenezwa na kampuni nyingi baada ya chapa ya Heartgard kutangulia. Huwa na ladha ya nyama, na mbwa wengi hukila kama zawadi. Kipimo cha ivermektini ni kidogo mno, mikrogramu 6 tu kwa kila kilo ya uzito, na mara nyingi huchanganywa na piranteli inayoua minyoo wa tumbo. Milbemisini, iliyomo katika Interceptor, huua pia minyoo wa tumbo wa aina nyingi zaidi. Vipo vidonge vya karibuni, kama Simparica Trio kilichoidhinishwa mwaka 2020, vinavyokinga minyoo wa moyo, viroboto na kupe kwa pamoja, na kwa nyumba yenye uwanja wa nyasi ndefu hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo dawa ya viroboto na kupe iliyomo ndani yake ni ya jamii ambayo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu yake mwaka 2018, kwa kuwa imewahi kuwaletea baadhi ya wanyama mtetemeko na degedege. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe bila mwenye mbwa kuzungumza na daktari kwanza.

Udhaifu wa kidonge ni wa namna mbili. Wa kwanza ni binadamu: kinahitaji mtu mmoja anayejua kwamba kazi hiyo ni yake. Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa baba yuko zamu ya usiku, mama anaondoka alfajiri, watoto wako shuleni, na kila mmoja hudhani mwenzake ameshatoa. Wa pili ni mbwa mwenyewe, ambaye anaweza kukitafuna mbele yako kisha akakitema nyuma ya kochi, au akakitapika nusu saa baadaye bila mtu kuona. Anayechagua kidonge aone kwa macho yake kimemezwa, na amwangalie mbwa kwa muda baada ya hapo. Kwa faida yake, kidonge ndicho kinachokubali marekebisho kwa urahisi kuliko vyote: mbwa mchanga anapoongezeka uzito unabadilisha pakiti, na asipopatana na dawa unaiacha, mwezi unapita na yaliyomo yanamwisha mwilini.

Matone ya shingoni

Dawa ya matone huwekwa juu ya ngozi, nyuma ya shingo kati ya mabega, mahali ambapo mnyama hawezi kujilamba. Selamektini, inayojulikana kwa jina la Revolution, hushughulika pia na viroboto na utitiri wa masikio. Ile ya moksidektini iliyochanganywa na imidakloprido huua viroboto na minyoo kadhaa wa tumbo. Hufaa kwa mbwa anayekataa vidonge au anayetapika ovyo. Moksidektini ya matone ina sifa moja zaidi: hujikusanya mwilini dozi baada ya dozi, na baada ya miezi michache hubaki katika damu kwa kiwango cha kutosha mwezi mzima.

Sifa hiyo ina maana kubwa kwa wanaoishi Louisiana, Mississippi, Arkansas na maeneo yaliyo jirani, kwa kuwa katika bonde la chini la mto Mississippi imethibitishwa kwamba wapo minyoo waliopata usugu dhidi ya dawa hizi za kinga, yaani ivermektini, milbemisini, selamektini na moksidektini, ambazo zote ni za kundi moja. Katika majaribio ya maabara dhidi ya minyoo sugu wa aina mojawapo, moksidektini ya matone ilifanya vizuri kuliko vidonge ilivyolinganishwa navyo. Nasema hivi kwa uangalifu, maana nimekwisha kuwasikia watu wakiufanya usugu kuwa kisingizio cha kuacha kinga kabisa. Mbwa wengi wanaopatikana na minyoo ni wale ambao hawakupewa dawa au waliorukishwa miezi.

Upande wa pili, matone yanataka nyumba iliyotulia. Mtoto anayemkumbatia mbwa kila dakika lazima azuiwe hadi ngozi ikauke, na wanyama wawili wanaolambana lazima watenganishwe kwa muda huo, kwa sababu moksidektini ya matone ikilambwa inaweza kumdhuru mbwa. Kumwogesha mara tu baada ya kumpaka ni kuimwaga dawa. Manyoya lazima yapanuliwe hadi ngozi ionekane. Wengi hupaka manyoya na kuiacha ngozi kavu, kisha wakadhani wamemkinga mnyama.

Sindano

Sindano ni moksidektini iliyofungwa katika chembe ndogo sana zinazoiachilia polepole chini ya ngozi. Ipo ya miezi sita, kwa mbwa waliofikisha miezi 6, na ipo ya mwaka mzima, ProHeart 12, iliyoidhinishwa mwaka 2019 kwa mbwa waliofikisha miezi 12. Faida yake inaonekana bila kuelezwa: hakuna wa kusahau, hakuna wa kutema, na kumbukumbu iko katika jalada la daktari. Kwa familia ya kazi za zamu niliyoitaja, au kwa mzee anayeishi peke yake na mbwa mmoja, mimi naona hii ndiyo njia ya kwanza ya kufikiriwa.

Lakini ikishaingia haitoki. Mbwa mwenye mzio akipatwa na uvimbe wa uso, kutapika au, mara chache, mshtuko wa kutishia uhai, daktari atatibu dalili, ila dawa yenyewe itaendelea kutoka kwa miezi. Historia yake pia si nyeupe kabisa: ile ya miezi sita iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2004 kutokana na taarifa za madhara, ikarejeshwa mwaka 2008 kwa masharti. Mbwa mgonjwa, aliyedhoofika, au aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo, si wa kuanzishiwa sindano. Malipo yake ni ya mkupuo, na haigusi viroboto wala kupe, kwa hiyo anayeilinganisha bei na kidonge cha mchanganyiko aongeze gharama ya dawa ya viroboto ndipo hesabu iwe ya haki. Mbwa mchanga anayekua haraka aanze kwa njia ya kila mwezi, kuanzia wiki 8 au kabla yake, na sindano ije akishakuwa mtu mzima.

Kuhusu ivermektini ya ng'ombe

Kwa kuwa wengi wetu tumetoka kwenye jamii za wafugaji, hutokea mtu akaenda duka la pembejeo, akanunua ivermektini ya ng'ombe ya asilimia 1, na kuigawa chupa moja kwa mbwa wote wa mtaa. Hesabu yenyewe inatosha kumzuia. Dawa hiyo ina miligramu 10 katika kila mililita. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mikrogramu 60, yaani mililita 0.006, ambazo ni chache kuliko tone moja. Tone la kawaida, la mililita 0.05, lina mikrogramu 500, zaidi ya mara nane ya kiasi kinachotakiwa. Mbwa wa kawaida anaweza kuvumilia, lakini mbwa wa aina ya Collie na jamaa zake mara nyingi wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa kupita hadi ubongoni, nao kwa kipimo kikubwa hupepesuka, hupofuka, hupoteza fahamu na hata kufa. Kwa kipimo cha kidonge cha kinga, mbwa hao hao huwa salama. Kitunguu saumu nacho, ambacho wengine hukisifu, hakizuii minyoo wa moyo na kinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa.

Kusubiri augue ndipo atibiwe

Tiba ipo, na mbwa wengi hupona. Lakini ni tiba ya mateso. Utaratibu unaopendekezwa na American Heartworm Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1974, huanza na dawa ya kinga pamoja na doksisaiklini kwa siku 28, ambayo huwaua bakteria wanaoishi ndani ya minyoo na kuwadhoofisha. Baada ya mwezi mwingine wa kungoja ndipo huanza sindano za melarsomini, dawa yenye arseniki, zinazochomwa ndani kabisa ya misuli ya kiuno: ya kwanza siku ya 60, ya pili siku ya 90 na ya tatu siku ya 91. Kwa miezi yote hiyo, na wiki kadhaa baada yake, mbwa haruhusiwi kukimbia, kuruka wala kucheza, kwa sababu minyoo wanaokufa hukatikakatika na kuziba mishipa ya mapafu, na mbio za dakika chache zinaweza kumuua. Kumweka mbwa wa mwaka mmoja ndani ya kizimba kwa miezi, akikulilia atoke, ni jambo linalomchoma kila aliyelipitia.

Gharama mara nyingi hupita dola 1,000, fedha ambayo ingenunua kinga ya miaka kadhaa. Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kumpa mbwa mgonjwa kidonge cha kinga peke yake kwa miaka miwili au zaidi, wakitumaini minyoo watakufa taratibu. Chama nilichokitaja hakiipendekezi njia hiyo, kwa kuwa muda wote huo minyoo huendelea kuiharibu mishipa, na uharibifu huo haurudi nyuma hata minyoo wakiisha. Ikiwa mwenye mbwa hana uwezo kabisa wa tiba kamili, azungumze wazi na daktari juu ya mpango wenye doksisaiklini na moksidektini. Mpango huo ni bora kuliko kumwacha mbwa bila chochote, ingawa haulingani na tiba yenyewe.

Paka

Sisi tuliokulia mwambao tumeishi na paka kuliko mbwa. Paka hulala msikitini, hulala jikoni, na wengi wetu tulipofika huku tulichukua paka bila kusita tukidhani maradhi haya ni ya mbwa. Ni kweli kwamba mwili wa paka huwapinga minyoo hawa kuliko wa mbwa: wengi hufa kabla ya kukomaa, na paka aliyeambukizwa mara nyingi hubeba mmoja hadi watatu tu. Lakini vifo vya minyoo hao wachanga huvimbisha mapafu, na paka hukohoa na kuhema kama mwenye pumu, au hutapika bila sababu ya kueleweka. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote hadi siku wanapoanguka na kufa. Kipimo cha damu kinachotegemewa kwa mbwa hutafuta alama za mnyoo jike, na kwa paka mwenye mnyoo mmoja dume hakitaona kitu, kwa hiyo daktari hulazimika kuunganisha vipimo viwili na picha ya kifua.

Zaidi ya yote, melarsomini ni sumu kwa paka, na hakuna tiba iliyoidhinishwa ya kuwaua minyoo waliokomaa ndani yake. Daktari humpunguzia uvimbe kwa prednisoloni na kungoja. Kwa mbwa unaweza kulinganisha kinga na tiba. Kwa paka hakuna cha kulinganisha. Kuishi ndani hakumtoshi, maana mbu huingia kupitia dirisha lile lile ambalo paka hukaa akitazama nje.

Kwa paka mimi huchagua matone, na sioni sababu ya kuhangaika na kingine isipokuwa ngozi yake imekataa. Selamektini hutumika kuanzia wiki 8, na ipo pia ya moksidektini iliyotengenezewa paka. Kumezesha paka kidonge kila mwezi ni ugomvi, na sindano ya muda mrefu haikuidhinishwa kwa ajili yake. Lakini soma pakiti mara mbili: baadhi ya matone ya mbwa yana permethrini, ambayo hufukuza mbu na kupe vizuri sana, na humuua paka. Hata paka anayelala ubavuni mwa mbwa aliyetoka kupakwa dawa hiyo anaweza kushikwa na mtetemeko na degedege. Nyumba yenye wote wawili isiilete permethrini ndani.

Kabla ya dozi ya kwanza, na baada ya kusahau

Mbwa aliyefikisha miezi saba hupimwa damu kabla ya kuanzishiwa kinga yoyote, na baada ya hapo mara moja kila mwaka, hata kama hajakosa dozi. Kipimo hicho humwona mnyoo jike aliyekomaa, kwa hiyo matokeo ya leo yanasimulia maambukizi ya miezi sita iliyopita au zaidi. Mbwa uliyempata wiki iliyopita akionekana salama, anza kinga siku hiyo hiyo, kisha mpime tena baada ya miezi sita. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeruka dozi: mpe dawa mara unapokumbuka, mwambie daktari ni siku ngapi zilipita, endelea kila mwezi bila kusita, na uandike katika kalenda ya ukutani tarehe ya kipimo miezi sita mbele, maana ukimpima kesho yake matokeo hayatakuambia chochote kuhusu mwezi uliokosekana.